Kabati la Bibi Norosoa

Mwaka wa ishirini na mbili huu nachora nyumba hapa Ambositra, na kiburi ninacho. Mteja akinibishia ramani, naweka kalamu chini. Aliyenivunja kiburi hicho ni mfumaji wa hariri, Bibi Norosoa, ambaye hata kuisoma ramani hajui.

Mwanawe Tovo, aliyeko mji mkuu, ndiye aliyeagiza nyumba ya mama yake: vyumba vitatu, kila chumba na kabati la ukutani. Nikachora. Kona ya kaskazini mashariki, ambayo ni ya wazee wetu waliokufa, nikaiacha tupu kwa heshima. Msingi ulikuwa uchimbwe kesho yake, basi nikasimika vigingi, nikafunga kamba, nikamwita Bibi aje aone.

Alikuja na mikeka, magunia ya mpunga, na kitanda kilichobebwa na majirani wawili. Kila kitu akakiweka mahali pake, kisha akaanza kuishi mle, katika nyumba isiyo na ukuta. Alipita mlangoni, akazunguka kitanda, akanyoosha mkono kufungua kabati la hewa.

"Mlango huu unagonga kitanda," alisema. "Au sketi niivae nimesimama juu ya godoro?"

Nikapima. Ulikuwa unagonga kweli. Na ramani ile nilikuwa nimeikagua mara tatu.

"Na hili kabati kubwa la nani?"

"La nguo zako, Bibi."

"Zangu zinaenea kikapuni! Wazee je? Umewaachia kona tupu. Watavaa hizi kamba zako?"

Majirani walicheka mpaka wakaketi kitandani. Mimi masikio yaliniwaka moto.

Akaingia nyumba ya zamani, akatoka na sanda kumi za hariri alizofuma mwenyewe. Tisa zilikuwa za waliomo kaburini, za siku tutakayolifungua kwa desturi yetu na kuwavisha upya. Ya kumi aliikunjua polepole. Kwenye mikunjo nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika.

"Hii ya Solo," alisema, na kicheko kikakoma.

Solo ni kifungua mimba wake. Alikwenda kuchimba yakuti kusini, shimo likamfukia, na mwili haujapatikana hadi leo.

"Miaka kumi na moja naikunja kwa kukosa pa kuilaza. Siku akirudishwa nimvishe matambara?"

"Kabati la kuilaza bila kukunja litakula sebule, Bibi."

"Basi na liile."

"Sawa. Urefu gani?"

Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Hebu lala hapo, mwanangu."

Mtu mzima, mchoraji wa nyumba, nikalala chini kwenye kona ya wazee. Akapiga magoti, akavuta uzi kutoka kisiginoni mpaka utosini mwangu. Hakuishia hapo. Aliweka vidole vyake juu ya udongo, kimoja baada ya kingine, bila kusita hata kidogo.

"Alikuzidi vidole vinne," akasema.

Nina futi na rula za kila aina, lakini kipimo kama kile sijapata kukiona.

Jioni Tovo alipiga simu kulalamikia sebule iliyopungua. Nikamwambia kaka yake amehitaji nafasi. Hakuitaja tena sebule; akauliza kama hiyo niliyotoa inamtosha.