Hodi Isiyo na Salamu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio ya kusikia na akili ya kupambanua tunachosikia. Haya ninayosimulia sikuyapokea kwa mtu. Yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, katika nyumba ya ghorofa hapa Parklands. Usiponiamini, Mola ndiye shahidi wangu.

Nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Mombasa. Nilipofiwa na mume wangu, mwanangu Athumani akanileta kwake Nairobi. Alhamdulillahi, sikosi chakula wala dawa. Lakini asubuhi za nyumba hii, we acha tu!

"Nyanya! Sungura amekula soksi yangu!" mjukuu wangu Salma hulalama.

"Vaa zingine, gari ya shule iko chini!" mamake, Rehema, humjibu mswaki ukiwa mdomoni.

Athumani naye humfukuza paka juu ya shati lake la kazi. "Hii paka hata panya haishiki. Nitaipeleka Dagoretti iandikwe kazi kichinjioni."

"Kwani wewe Baba ushawahi shika panya?" Salma humuuliza, nasi sote hucheka.

Kisha mlango hufungwa. Nyumba hubaki na mimi, sungura kwenye tundu lao barazani, na Pamba, yule paka mweupe. Jioni wenyewe hurudi wamechoka, kila mtu na simu yake. Siwalaumu. Mji huu hula watu mchana kutwa.

Siku moja, baada ya swala ya alasiri, nikasikia mlangoni: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Niambie wewe unayekaa Nairobi, mara ya mwisho umesikia hodi lini? Hapa watu hubonyeza kengele, au hupiga simu kusema wako getini. Na sauti ile ilikuwa ya kwetu kabisa. Nikaitikia "Karibu!" kabla sijauliza ni nani, kabla hata sijainuka kitandani.

Nilipofika ukumbini, mwanamke wa makamo aliyevaa buibui alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Nikadhani Rehema hakufunga vizuri.

"Waambaje, mamangu?" akaniuliza, yaani wasemaje.

"Sina la kuamba," nikajibu kama tulivyolelewa, kisha nikaamba mpaka adhana ya magharibi! Nilimweleza habari za marehemu, za chuo changu, za magoti yangu. Alisikiliza yote. Akarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Nilipomwambia Rehema kuwa nina mgeni wa mchana, alisema, "Ni vizuri, Mama," bila kuinua macho kwenye simu.

Pamba peke yake ndiye hakumtaka. Mgeni akiingia, paka alijilaza katikati ya ujia wa kwendea vyumbani, manyoya yamemsimama, na mgeni hakupata kukivuka kiti chake.

Mwisho akaniambia, "Mamangu, mtoe huyu paka. Akitoka, sitakuacha tena. Nitakaa nawe, nitalala chumbani mwako, hutakuwa peke yako."

Hebu fikiria maneno hayo kwa mtu kama mimi! Nilichukua kikapu, nikaenda kumkamata Pamba nimpeleke kwa bawabu. Akanikwaruza mkono mpaka damu ikatoka. "Bismillahi!" nikasema, na papo hapo moyo ukanishtuka. Mimi niliyefundisha watoto wa watu kwamba salamu ya amani hutangulia maneno, je, niliwahi kusikia salamu kinywani mwa mgeni huyu? Hata siku moja.

Nikageuka, nikamtazama. "Asalaam aleikum."

Kimya.

Nikarudia. Akainamisha uso, akasema polepole, kwa huzuni kweli, "Karibu ulinipa mwenyewe, mamangu." Nikapepesa macho, na kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Kikombe cha kahawa niliyommiminia muda si mrefu kilikuwa kimejaa, na juu yake umetanda utando wa vumbi, kama kilichowekwa pale miaka mingi.

Kovu la Pamba ninalo mkononi mpaka leo. Na hodi nayo huja hadi leo, baada ya alasiri. Pamba huinua kichwa, nami hushika tasbihi nikanyamaza. Niamini, kunyamaza huko ni kugumu, kwa maana hakuna mwingine anayebisha.

Basi usiseme karibu kabla hujasikia salamu. Nawe uliye na mzee nyumbani, mpigie hodi wewe mlangoni pake. Muulize waambaje, na akisema hana la kuamba, kaa kitako umsubiri. Usipokaa wewe, yuko anayekitaka kiti hicho.

Mungu akujaalie wewe uliyesoma haya, upate nyumba yenye sauti za wapenzi wako, na kila anayebisha kwako aje na amani. Amin.