Gaspar na Tendegu la Nne

Nusu ya maharusi wa Dar es Salaam wa miaka ile walilala juu ya kazi ya Gaspar, na Gaspar mwenyewe alilala juu ya benchi. Si kwamba alikosa mbao. Alikuwa mkereza, fundi wa kuzungusha mti kwenye kerezo na kuuchonga, na Keko nzima hapakuwa na mwingine wa kulitoa tendegu, ule mguu wa kitanda cha nakshi kiitwacho samadari, likawa na shingo na kiuno, na wenzake watatu wakafanana nalo kama ndugu wa tumbo moja. Lakini kila alipoanza kujikerezea matendegu ya kwake, alikuja mtu mwenye harusi ya haraka akayanunua. "Mie sina harusi," alisema, "benchi linanitosha." Ukimwuliza zaidi, anakanyaga kerezo lake kwa nguvu mpaka usikie mngurumo tu.

Alitoka upande wa Masasi, kijana wa misheni, mabega mapana na maneno machache. Mimi Kornelio nilitoka kijiji cha jirani, nikaja mjini kabla yake, na kazi yangu ilikuwa kuranda. Tulikuwa karakana moja, makuti juu, mchanga chini, Mwingereza mbali huko ng'ambo ya mto na kodi yake ya kichwa.

Jioni tulicheza mpira. Mafundi wa Keko tulikuwa na timu yetu, Randa Klabu, na Gaspar alikuwa senta hafu. Kazi ya senta hafu wetu ilikuwa hivi: kuunyang'anya mpira katikati ya watu wabaya, kupigwa mateke ya ugoko kwa ajili yake, kisha kumpa Fakihi, mfungaji wetu. Mimi nilikuwa beki. Nikiupata mpira nampa Gaspar, naye anampa Fakihi. Fakihi hakumpa mtu. Alikimbia nao mpaka golini, akafunga, akabebwa mabegani kurudishwa katikati. Mabega yenyewe yalikuwa ya nani? Ya Gaspar.

Nisimsingizie, yule kijana alijua kukimbia. Alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini, mwembamba, miguu mirefu, na akishaanza kwenda, mabeki walibaki wakiulizana. Wanawake wa Keko waliacha vyungu motoni kuja kumtazama. Nasi mafundi tulipiga kelele mpaka sauti zikatukauka, na hakuna aliyetukumbuka, hata sisi wenyewe hatukujikumbuka.

Wapinzani wetu wakubwa walikuwa Visu, timu ya wauza nyama wa Temeke. Mwaka wa hamsini na mbili wauza nyama hao wakaanza kumtongoza Fakihi. Kila Ijumaa mguu wa mbuzi, kila Jumapili maini. Tukaona mtu ananenepa, tukashtuka.

Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Kamugisha, karani wa bohari, mtu wa Bukoba, mwenye kaptula iliyonyooshwa mpaka ikawa na makali. Akatuita karakanani. Kumlipa mchezaji fedha ilikuwa haramu kwa sheria za mpira, nasi fedha hatukuwa nazo, kwa hiyo tulikuwa wacha Mungu mara mbili.

"Kwanza alipwe kwa nini?" Kamugisha aliuliza. "Mpira anapewa. Njia anafunguliwa. Mnataka kuilipa kengele ilhali gari linavutwa na ng'ombe!"

Sisi ng'ombe tukachekelea. Lakini Fakihi hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Bwana Kamugisha, wewe kalamu yako utaandika nayo mpaka uote mvi. Gaspar atakereza mpaka kizeeni. Mie miguu hii ina msimu wake kama embe. Ukipita, nani atanipa hata kokwa? Nilipeni sasa hivi, au niende kwa wenye nyama."

Hapo ndipo alipotueleza shida yake. Alikuwa amemposa Mauwa, binti wa fundi mmoja wa vinyago, watu wa kusini kama sisi. Posa ilikuwa imekubaliwa, lakini shangazi yake msichana, Bi Somoe, ametoa sharti: mtoto wao haingii nyumba isiyo na samadari. Akute mkeka, basi, posa inarudi ilikotoka. Na samadari kwa mshahara wa mchukuzi ni ndoto ya mchana.

Kamugisha akakuna kidevu. Halafu uso ukamng'aa, nami nikajua tumekwisha, maana karani akifurahi kuna mtu atafanya kazi ya bure. Agano likawa hivi: kila bao la ushindi, mfungaji atapewa kipande kimoja cha samadari. Matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni. Mbao si fedha, sheria haijavunjwa.

Na vipande vitatengenezwa na nani? Na sisi. Yaani mchana tunamtengenezea kitanda, jioni tunamtengenezea mabao. Mifumbati ile niliiranda mimi, kwa mikono hii, na kila nilipovuta randa nilimwombea Fakihi upele mdogo, usio na madhara. Gaspar hakulalamika. Alikereza matendegu ya mninga, mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, akayapanga ukutani yangoje mabao.

Vipande vikaanza kutoka. Fakihi akawa anabeba tendegu begani baada ya mechi, akipita nalo mitaa yote hata isiyokuwa njia yake. Akafikisha mifumbati, vitakizo, matendegu matatu. Likabaki moja. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia na harusi ilitakiwa iwe kabla haujaandama.

Ndipo akateguka goti. Wala hakuguswa na mtu. Alikanyaga mzizi wa mkorosho pembeni ya uwanja, akaanguka, goti likavimba kama boga. Mganga wa viungo akalikanda, akalifunga, akamwambia asahau mbio msimu ule, pengine na mwingine. Kijana akalia mbele ya watu. Sikucheka, ingawa nilikuwa na haki.

"Bwana Kamugisha," akasema, "nipeni hilo moja lililobaki. Mtanidai."

"Bao hakuna, tendegu hakuna," Kamugisha akajibu. "Agano ni agano."

"Basi mnipange Jumapili na Visu. Nitafunga kwa mguu mmoja."

Tulidhani ni homa. Lakini Gaspar, ambaye kwenye vikao alikuwa akisikiliza tu huku akichonga kijiti, akasema, "Apangwe." Akarudi kwenye kijiti chake, na Fakihi akapangwa.

Jumapili Fakihi akaingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa kipande cha kanga. Akaenda kusimama pembeni kulia, basi. Hakukimbia, hakuruka. Mtu angeweza kumwanikia nguo. Nikawatazama Visu nione kama watamcheka. Wapi! Kapteni wao alipiga kelele: "Msidanganyike! Mjanja huyo, anajidai kilema! Mkabeni!" Wakaenda watatu. Mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja ameshika ncha ya jezi yake. Fakihi akiinua mkono kufuta jasho, wote watatu wanaruka.

Kipindi cha pili, karibu na mwisho, nikamnyang'anya mtu mpira, nikampa Gaspar kama kawaida. Gaspar akainua kichwa amtafute Fakihi, kama kawaida. Akamwona amezungukwa. Akasogea mbele kidogo. Hakuna aliyemjia. Akasogea tena. Nawaambia mtu huyu hakuwa anakimbia, alikuwa anatembea, na kichwa kimegeukia kulia akitafuta pa kuutoa mzigo wake. Mabeki wa Visu walimtazama kama mtu anayepita kwenda dukani, maana tangu lini Gaspar akafunga? Hata golikipa alikuwa amesogea nguzo ya kulia, macho kwa Fakihi. Gaspar akajikuta mbele ya goli peke yake. Akausukuma kwa ncha ya kidole cha mguu. Ukaingia polepole, kwa adabu.

Halafu Gaspar akamgeukia refa akamwuliza, "Imeingia?"

Ilikuwa imeingia. Ndilo bao pekee la siku ile, na ndilo bao pekee la Gaspar tangu azaliwe.

Ugomvi ulianzia palepale uwanjani. "Tendegu langu," Fakihi akasema. Kamugisha akatabasamu. "Agano linasema mfungaji. Mfungaji ni Gaspar."

"Watatu walinikaba mie! Watatu! Bila mie angepita wapi?"

"Kwa hiyo tukulipe kwa kusimama?"

"Ndiyo! Nilipeni kwa kusimama! Wao wenyewe wamenilipa watu watatu!"

Nilichukia kukubali, lakini alisema kweli. Angesimama pale kilema mwingine yeyote, wasingempelekea hata mbwa. Lakini Gaspar naye mpira aliupeleka kwa miguu yake, si kwa jina la mtu. Tukamtazama, tukijua atasema maneno yake ya siku zote, mpeni tu.

"Nalitaka tendegu langu," Gaspar akasema.

Hata Kamugisha alishtuka. Mtu asiye na kitanda, anataka mguu mmoja wa kitanda! Akalichukua, akaenda nalo karakanani, akalipiga msasa upya, akalipaka vanishi, akalisimamisha juu ya rafu. Wateja wakiuliza bei anawaambia haliuzwi. Wakiuliza kwa nini, anasimamisha kerezo, anakaa, analieleza bao lake. Mtu aliyeishi miaka kwa maneno machache akawa anatumia nusu saa kueleza dakika mbili. Kazi zikachelewa. Mimi nilifurahi kupita kiasi.

Alhamisi Bi Somoe akaja kukagua nyumba. Fakihi alikuwa ameunga kitanda kwa matendegu matatu, na pembe ya nne ameiegemeza kwenye debe la mafuta ya taa, akalifunika shuka mpaka chini. Bi Somoe, mwanamke wa kujaa mlango, akaketi pembe hiyohiyo. Debe likasema neno lake la mwisho. Walipomwinua, alikuwa na utulivu wa kutisha.

"Jumamosi nakuja tena," akasema. "Na Mauwa mwenyewe kanituma nikwambie: yeye kaposwa na mtu, haolewi na debe. Nikilikuta, posa yako utaifuata kwetu."

Ijumaa baada ya swala Fakihi akaja karakanani na fimbo yake. Nilikuwa naranda; nikapunguza mwendo ili nisikie.

"Kaka Gaspar, shikamoo." Hakuwahi kumwamkia. Alizidiwa umri miaka kumi, lakini alikuwa akimwita "we Gaspar, lete."

"Marahaba."

"Nimekuja kununua tendegu."

"Haliuzwi."

"Nitakupa vyote viwili, shuka langu na fedha niliyoiweka ya Iddi."

"Haliuzwi."

Fakihi akakasirika. Akasema Gaspar ana roho mbaya, analala benchini kwa ubahili, na bao lenyewe lilikuwa la kuokota. Gaspar akasimamisha kerezo. Nikadhani atamtupia patasi.

"Miaka minne nakupa mpira," akasema. "Hujaniuliza hata siku moja naupataga wapi."

Hapo hata randa yangu ilisimama. Na mimi je? Mimi mpira nilimpa yeye miaka ileile, na hakuniuliza pia, lakini siku ile niliumeza uchungu wangu, maana haikuwa zamu yangu.

Fakihi alikuwa na majivuno, lakini hakuwa mjinga. Akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha lile goti lake mbele.

"Haya, kaka," akasema. "Unaupataga wapi?"

Gaspar akamweleza. Akafunua suruali akamwonyesha makovu ya ugoko, hili la kapteni wa Visu, hili la Mzigua wa Magomeni, hili la jino, ndiyo, jino. Akamweleza jinsi unavyomtazama mtu kiunoni badala ya miguuni ili ujue atageukia wapi. Akamweleza jinsi anavyoutoa mpira kabla Fakihi hajafika, kwa kuwa anajua atafika. Fakihi akawa anauliza, kweli anauliza, kama mtoto anayesikia kwamba alizaliwa na mtu. Mwisho wakafika kwenye bao, na Gaspar akasimama kulionyesha, kwa kipande cha mbao na vumbi la msumeno, mpaka pale alipomwuliza refa. Wote wawili wakacheka hadi machozi, na jua likazama bila mtu kukereza kitu.

Jumamosi asubuhi Gaspar mwenyewe akalibeba tendegu begani. Mimi nikachukua nyundo. Bwana Kamugisha akaja pia, na kaptula yake, kuhakikisha mali ya klabu inakwenda inakostahili. Gaspar akalala chini kwenye sakafu ya udongo, akalipachika, akagongea kabari.

Bi Somoe akaingia. Safari hii alikisukuma kitanda kwanza kwa mkono, kisha kwa goti, kisha akakaa, akajitupatupa kidogo. Hakikulia hata kidogo. Akayapapasa matendegu, moja baada ya jingine, mwanamke aliyelelewa kwenye nyumba ya wachongaji.

"Matendegu haya kakereza nani?"

"Gaspar," Fakihi akasema. Akamtazama Kamugisha, akanitazama mimi. "Na mabao pia, mama. Mie nilikuwa nayamalizia tu."

Kamugisha alikohoa. Gaspar alikuwa bado chini kwenye udongo. Akainama zaidi kuikaza kabari, na akaendelea kuikaza muda mrefu, ingawa ilikuwa imeshakaza.