Picha ya Dunia na Kaburi la Moraa

Kosa nitakalolisimulia ni dharau, na hakuna dharau chungu kama ile ya aliyesomeshwa kwa jasho la wasiosoma. Ilikuwa yangu. Nakumbuka Jumapili moja asubuhi, nikiwa mwalimu kijana aliyeajiriwa punde tu, nilirudi kwetu Gesima na picha niliyoikata kutoka katika jarida.

Picha hiyo, mwanangu, ilipigwa na chombo kilichorushwa angani kwenda kuzitazama sayari za mbali. Kilipokwisha kuzipita, waliokituma walikiamuru kigeuke nyuma, kiipige picha dunia yetu. Ikatokea nukta moja hafifu, mfano wa punje ya wimbi iliyoangukia kitambaa cheusi.

Siku hiyo baba alikuwa ameniita kwa shughuli nzito. Alitaka kunitembeza mipaka ya shamba, kisha anionyeshe alipolala Moraa, dada yangu, aliyefariki akiwa mchanga kabla mimi sijazaliwa. Kaburi lake halikuwa na alama, na tangu mama aage dunia, aliyelijua alikuwa baba peke yake.

Nyamweya, jirani yetu aliyeitwa awe shahidi wa mipaka, akaiona picha mkononi mwangu.

"Haya! Mwalimu ametuletea dunia nzima mfukoni! Hebu nitafutie shamba langu humo, nione kama ng'ombe wa shemeji ameingia tena kwenye mahindi."

Waliokuwapo wakacheka. Nami, badala ya kucheka nao, nikaona nimepata darasa la kufundisha.

"Shamba lako halimo," nikamwambia. "Gesima haimo. Hata Kenya haimo." Kisha nikamgeukia baba. "Tata, ninyi mnahesabu hatua za mpaka, na dunia yote ni kijidoa hiki. Kaburi la mtoto mchanga ni nini hapa?"

Baba aliipokea picha, akaisogeza karibu na macho, kisha akaigeuza kutazama kama kuna kitu upande wa nyuma.

"Moraa hayumo?"

"Hayumo, Tata."

Akanirudishia. "Basi leo hatutembei," akasema. Akaagana na Nyamweya kwa heshima, akaingia ndani. Kunitembeza shambani hakukutajwa tena.

Baada ya miezi kadhaa niliipeleka picha dukani mjini Kisii itiwe fremu, niitundike darasani. Mwenye duka alikuwa mzee wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa papo hapo mjini. Aliniuliza ni picha ya nini. Nikamweleza, tena nikamsimulia kwa kicheko jinsi nilivyomnyamazisha baba. Yeye hakucheka. Aliweka kioo chini polepole.

"Chombo kilitumwa mbele, si ndiyo, mwalimu? Mbona basi kiligeuka?"

"Kitazame nyumbani."

"Umeona sasa? Kimekwenda mbali kukushinda wewe, na bado kimegeuka. Wewe umefika chuo tu, shingo imekataa!" Akanikazia macho. "Hukumwonyesha baba yako picha. Ulimpiga nayo. Fremu nitakutengenezea, lakini sikupi mpaka uende ukamwombe radhi."

Maneno yale yalinichoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Lakini kiburi hakifi kwa pigo moja. Nilijiambia nitakwenda shule zikifungwa. Kabla hazijafungwa, baba akapatwa na kiharusi, na ulimi wake haukutoa neno tena.

Nilimbeba katika kiti hadi ukingo wa shamba. "Nisamehe, Tata. Nionyeshe Moraa." Mkono wake uliosalia na nguvu ukainuka, ukaelekea migombani, ukavuka hadi kwenye majani chai, ukaanguka. Kesho yake nikamwuliza tena, na kesho kutwa. Hatimaye alinishika kidole, akakibana. Sijui kama ulikuwa msamaha, au alikuwa akiniomba niache kumtesa. Tulimzika kando ya mama. Picha sikwenda kuichukua.

Wahenga walinena kwamba lisilokuwepo machoni, na moyoni halipo. Kwangu limekuwa kinyume. Kwa kuwa sijui dada yangu alipo, naona yuko kila mahali. Kila nipandapo mgomba, jembe husita hewani, nami nauomba udongo radhi kabla ya kulishusha. Majuto ni mjukuu, na wangu anakaa nami nyumba moja.

Mwanangu, soma. Soma hadi upeo wa macho yako uzipite nyota, sikukatazi. Ila elimu ikikufunulia udogo wa dunia, anza kwa kuupima udogo wako mwenyewe kabla ya kumpimia mzazi wako. Mzee akikuita akuonyeshe mahali, weka chini ulichoshika, umfuate. Uliza jina la kila mti na la kila aliyelala hapo, maana mengine hayakuandikwa popote ila kifuani mwa mtu mmoja. Na ukimkosea, mwombe radhi kabla jua la siku hiyo halijatua, kwani mauti hayafuati kalenda ya shule.

Mungu akujalie miguu myepesi ya kurudi nyumbani, na akufikishe wakati wazazi wako wangali na sauti. Mimi sikukosa wa kunionya. Nilionywa mapema, kwa upendo, na mtu asiye wa ukoo wangu, na kuchelewa kulikuwa kwangu mwenyewe. Jina lake lilikuwa Mzee Kantilal.