Springi ya Lutengano

Kama uliwahi kununua kisu cha kukunja pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kikakataa kufunguka, basi kilikuwa cha Lutengano, na huenda ulimsonya. Wengi walimsonya. Yeye alicheka tu, tupa mkononi, akawaambia kwamba kisu kisichofunguka kirahisi hakijifungi kirahisi pia. Springi ile ya mgongoni, aliyoichonga kutoka chuma cha malori, angeweza kuipunguza akapata wateja wengi zaidi. Lakini springi nyembamba huchoka, na ikichoka makali yanarudi kwenye mpini wakati vidole bado viko njiani. Kwa hiyo alichagua kulaumiwa kwa kucha zilizovunjika, akagonga chapa yake ya jani la mgomba, akalala usingizi.

Aliyevipeleka visu hivyo Iringa kuviuza alikuwa Ezron. Walijifunza ufundi pamoja, wakivuta mivukuto kwa zamu, na siku kisu cha kwanza cha Lutengano kilipomfungia kidole, Ezron ndiye aliyechana shati lake kuzuia damu. Kidole kilipona, ila kilibaki kimepinda. Rafiki wa namna hiyo humuulizi maswali. Lutengano hakuuliza hata pale visu vyake vigumu vilipoanza ghafla kununuliwa kama maandazi.

Siku moja alikwenda Iringa kumsalimia tu. Alikuwa hajamaliza chai kwenye kibanda cha Ezron alipofika mama mmoja, Bertha, mkono umezungushiwa kitambaa. Akasalimu kwa Kihehe, akabwaga kisu mezani.

"Kamweneni. Huyo fundi wenu wa Mbeya ni mtu kweli? Nabebesha miche ya parachichi, naunga kikonyo kwenye shina, kisu kimejifunga chenyewe! Nusura kidole kibaki shambani."

Lutengano alikiokota. Jani la mgomba lilikuwepo. Alikigusa kwa kidole gumba, kikafunguka kama mlango wa choo. Akakigeuzia kwenye mwanga: springi ilikuwa imepigwa tupa, imebaki nusu ya unene aliouacha.

"Ezron, umefanya nini?"

"Aa, ndugu yangu, watu wanataka laini. Ulitaka vioze hapa? Nimepunguza kidogo tu. Wewe na kichwa chako kigumu, ningefanyaje?"

Angekuwa amemwibia, Lutengano angemsamehe papo hapo. Hili lilimchoma.

"Nipe kisu chako."

"Changu?"

"Hicho cha mfukoni."

Ezron alisita, kisha akakitoa. Lutengano ilibidi atumie ukucha, tena kwa nguvu, mpaka kikalia ka! Springi nzima, haijaguswa. Ezron akageukia pembeni, akajifanya anapanga bidhaa.

Kumbe alijua. Alijua vizuri kuliko mteja yeyote, na vidole vyake mwenyewe alikuwa amevilinda.

"Mama, fundi huyo ni mimi," Lutengano alimwambia Bertha. "Nisamehe. Chukua hiki. Ni kigumu, utanisonya, lakini hakitakuuma."

Alimkabidhi kisu cha Ezron, kisha akaanza kukusanya vyote vilivyokuwa mezani na kuvitia kwenye mfuko. Ezron akamdaka mkono.

"Lutengano, tumetoka mbali mimi na wewe."

Kidole kile kilichopinda kilikuwa ndani ya kiganja cha Ezron. Lutengano alikitazama kidogo, akakichomoa, akaendelea kukusanya visu.