Ukurasa wa Tisa wa Spesioza

Saa mbili asubuhi, Ng'ambo mjini Tabora, Spesioza Irankunda anashona sketi za shule kibarazani. Mteja akitoa simu mfukoni, fundi huyu huinamisha uso.

"Shikamoo mama," mwandishi anamsalimu.

"Marahaba. Na wewe umeshaisoma?"

Anaulizia hukumu ya kesi yake. Mumewe, Prosperi, alipofariki, shemeji yake, ndugu wa marehemu, alilitaka shamba la ekari sita huko Ulyankulu. Alidai watoto wawili, Habimana na Uwimana, si wa Prosperi kwa kuwa hawakubeba jina lake.

"Kwetu wenye asili ya Burundi kila mtoto hupewa jina lake la pekee," anasema Spesioza. "Shemeji mwenyewe na marehemu ni wa baba mmoja, majina mawili! Alisahau?"

Mahakama ilimpa Spesioza ushindi, na hukumu ikawekwa mtandaoni, yeyote aisome bure.

Mwaka huu mtu alipiga picha ukurasa wa pili tu, wenye madai ya shemeji, akautuma kwenye kundi la wasapu la jumuiya yao ya kanisani. Ukurasa wa tisa, wenye ushindi, haukutumwa. Umbea hauna subira ya kurasa tisa.

Sasa familia moja ya Urambo, iliyokuwa ilete posa ya Uwimana, imesita.

Spesioza, ambaye siku nzuri humpa shilingi elfu kumi, alifunga kazi akaenda mahakamani. Karani alimwambia aandike barua kuomba majina yafichwe. Alinunua karatasi. Mpaka leo ni tupu.

Kisa ni kwamba mwezi uleule shemeji alipeleka trekta shambani. Nakala ya hukumu ilikuwa imeliwa na mchwa, hivyo Habimana aliifungua mtandaoni kwenye simu yake akamsomea mwenyekiti wa kijiji, jina kwa jina. Trekta likaondoka.

"Kinachoniaibisha ndicho kinachonilinda," anasema Spesioza, mguu umesimama juu ya pedali ya cherehani. "Wakificha majina, nitamwonyesha nani kwamba nilishinda? Wakiyaacha, mwanangu ataolewa na nani? Sielewi, baba. Kweli sielewi."

Jumamosi atapanda basi kwenda Urambo, awasomee wakwe watarajiwa kurasa zote tisa. Barua ataiandika akirudi. Au asiiandike, hajajua.

Uwimana, anayeshona vifungo kando ya mama yake, anainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Ukiiandika, mama, jina langu liache. Alinipa baba."