Ng'ombe wa Jirani na Redio Nne

Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kukata mkonge Korogwe. Ufundi redio nilijifunza kwa kuunguza vidole, na kwa vidole hivyo nimejenga nyumba ya matofali hapa Mkata. Kwa hiyo mtu akiniletea redio isiyo na hata kitufe cha kutafutia stesheni, simnyamazii.

Binti yangu alileta nne. Alisomea umeme chuoni, akarudi na vidude vidogo kama viberiti, vyote vinachomekwa kwenye kompyuta moja. Unachagua stesheni kwenye kompyuta, zote nne zinahama pamoja. Akafunga antena nne juu ya bati langu. Kisha akamvalisha ng'ombe wa jirani yetu ukanda wenye kidude cha kurusha mlio. Jirani huyo ni mama wa Kimasai, mjane, kiangazi kimemwachia ng'ombe huyo mmoja tu. Mlio unafika antena moja kabla ya nyingine, tofauti ndogo isiyosemeka. Kompyuta inalinganisha, inachora mshale wa kuonyesha ng'ombe yuko upande gani.

Mshale wenyewe ulizunguka kama mlevi wa gulioni.

"Redio zako zinagombana," nikamwambia.

"Hazigombani, baba. Kila moja ina kristali yake ya kuipigia mapigo, na hazipigi sawa. Nataka zote zifuate kristali moja."

Hapo nikamwelewa. Kwenye shamba la mkonge kiligongwa kipande kimoja cha reli, watu wote wakaanza kazi. Kila nyapara angegonga chake ingekuwa vurugu. Tukatoa kristali tatu, nikachomelea nyaya kutoka ile iliyobaki kwenda redio zote. Mchoro wake, mkono wangu. Mshale ukatulia.

Alasiri moja jirani akaja anahema.

"Mzee, ng'ombe wangu hajarudi! Ana mimba, anazaa leo au kesho. Giza likiingia fisi watamla yeye na ndama."

Binti akachomoa antena, akawasha mitambo. Redio zote zikaanza kutoa mkwaruzo mtupu.

"Sasa mnasikiliza nini?" jirani akafoka. "Ng'ombe wangu halii hivyo!"

"Subiri, mama. Zikiwashwa haziamki pamoja. Nazisikilizisha mkwaruzo mmoja kwanza, kompyuta ijue ipi imechelewa, izipange sawa."

Akazipanga, akarudisha antena. Mshale ukaelekea upande wa Kwedizinga.

"Uongo!" jirani akasema. "Huko hakuna maji. Ameenda lamboni, ndiko alikokulia. Dude lenu linaumwa."

Lambo liko upande wa pili kabisa. Jua lilikuwa limeinama na pikipiki yangu ilikuwa na mafuta ya safari moja. Kusema kweli, nilikuwa upande wa jirani. Mtu aliyezaliwa zizini umfundishe habari za ng'ombe?

Binti hakubishana. Akazima kila kitu, akaanza upya, mkwaruzo ule ule. Jirani akaketi chini, akajishika kichwa. Mshale ukarudi pale pale.

"Baba," akasema polepole, "nyaya ulizichomelea wewe."

Hapo alinibana. Nikisema mshale ni mwongo, nimesema kazi yangu ni mbovu, na hilo sijawahi kulisema mbele ya mtu.

"Panda, mama," nikamwambia jirani. "Asipokuwepo, utanitukana njia nzima ya kurudi."

"Nimeshaanza," akanijibu, akapanda.

Tulimkuta upande ule ule wa mshale, kwenye kichaka cha miiba, juu kidogo ya mashamba ya mahindi. Ndama alikuwa bado hajakauka. Jirani akapiga magoti, akamfuta pua kwa ncha ya shuka lake, akawa anamsemesha ng'ombe Kimasai. Sikuelewa neno, lakini nikageuka nitazame mahindi kidogo.

Nikapiga simu nyumbani.

"Mshale ulikuwa sawa?" binti akauliza.

"Nyaya zilikuwa sawa," nikamjibu.

Jirani akaninyang'anya simu.

"Usimsikilize baba yako, mwanangu! Wako wazima wote. Amezaa jike!"

Tulimlaza ndama juu ya kiti cha pikipiki, jirani akimshikilia. Sikuwasha injini, niliisukuma pikipiki kwa mikono, mama yake ndama asiachwe nyuma. Alitembea karibu mno, pumzi yake mgongoni kwangu, na ule ukanda shingoni ukiendelea kurusha mlio tusiousikia. Tulipolikaribia bati langu nilimwona binti yangu nje amesimama, kompyuta mkononi, anatutazama tunavyokuja.