Nilipima Spika, Sikupima Masikio

Nimekosa, na aliyeumia ni mke wangu. Naandika bila jina langu, na la mtoto nimelibadilisha, kwa sababu huku Borabu tunajuana, na kanisa letu si kubwa.

Mimi ndiye fundi wa vyombo kanisani, yaani spika, maikrofoni na nyaya zake. Mwaka huu kabla ya makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya kila mwaka, tuliamua kununua spika mpya. Wenye maduka wawili, mmoja wa Keroka na mwingine wa Kisii mjini, wakatuazima kila mmoja yake tuzijaribu.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba mtu akiiona spika, macho humdanganya. Ile kubwa inayong'aa ndiyo atakayoisifu. Basi nikafunga pazia mbele ya zote mbili, nikaunganisha swichi ya kuhamisha sauti kutoka moja hadi nyingine, nikajiona mwanasayansi. Ningeweka wimbo mmoja wa kwaya yetu kwenye spika ya kwanza, kisha uleule kwenye ya pili, na wasikilizaji waseme ipi bora.

Wasikilizaji niliwachagua mwenyewe. Mzee wa kanisa, kwa kuwa alifundisha kwaya miaka mingi. Mwalimu wa kwaya wa sasa. Waimbaji wachache, na mmoja wao mke wangu, Mama Kemunto. Sikumpima hata mmoja. Ungeanzaje kumpima mzee wa kanisa masikio? Nilidhani anayeimba vizuri anasikia vizuri, nikaachia hapo.

Nikaweka wimbo. Nikabonyeza swichi, nikauweka tena. Halafu, badala ya kumwuliza kila mtu peke yake, nikauliza kama tunavyouliza kwenye kikao cha kanisa.

"Nani ana pendekezo?"

Mzee akakohoa. "Hii ya pili iko na besi nzito. Ile ya kwanza inalia kama sufuria. Napendekeza ya pili."

"Naunga mkono," mwalimu wa kwaya akasema, Mzee hata hajafunga mdomo.

Mikono ikapanda yote, isipokuwa wa mke wangu.

"Mimi sijasikia tofauti," akasema. "Rudia kidogo."

Nikarudia.

"Bado ni ileile tu, Baba Kemunto."

Watu wakaguna. Mzee hakumtazama yeye, alinitazama mimi, kama ng'ombe wangu ameingia kwenye majani chai yake. Aibu ikanipanda kichwani.

"Mama Kemunto," nikamwambia mbele ya wote, "kama masikio yako yamechoka, si uwaachie wenye kusikia?"

Walicheka. Yeye akachukua kitabu chake cha nyimbo akaenda nyumbani.

Walipoondoka nikaanza kukunja nyaya. Hapo ndipo nilipoona swichi imekwama. Ukiibonyeza inalia "ka", lakini haihami. Spika ya pili haikuwa imetoa sauti hata kidogo. Wimbo wote, mara zote, ulitoka kwenye ile ya kwanza. Wale watu walisikiliza spika moja, wakailinganisha na yenyewe, wakaipigia kura! Sufuria na besi nzito, vyote sanduku moja.

Na mimi nikanyamaza. Mzee alikuwa ameshampigia simu mwenye duka kwamba tunachukua ya pili, na mimi nikajiambia nitasema baada ya makambi.

Mke wangu akaacha mazoezi ya kwaya. "Nitawaharibia wengine sauti," alisema. Akaanza kumwambia Kemunto arudie maneno ambayo zamani angeyasikia akiwa nje anakamua. Redio ikikwaruza ananiuliza, "Ni redio ama ni mimi?" Mwisho akaenda hospitali Kisii wakampima masikio.

"Wamesema ni mazima," akaniambia aliporudi, bila furaha yoyote. "Lakini mashine inaweza kukosea. Wewe ndiye fundi."

Tulikuwa jikoni, yeye akichambua mboga. Nikamwambia yote palepale jikoni.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

Akaendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Uliniita kiziwi mbele ya watu. Sasa unaniomba msamaha mbele ya sufuria."

Nilikwenda kwa Mzee, nikamwambia swichi ilikuwa imekwama, nikamwomba turudie. Nikamweleza kwamba safari hii kila mtu ataninong'oneza jibu lake peke yake, na katikati nitaweka spika moja mara mbili bila kuwaambia. Anayesikia tofauti mahali hakuna, jibu lake tusilihesabu.

"Kwa hivyo unataka kunitega kama panya?" akaniuliza. "Kura ilipita, kijana. Iliungwa mkono."

Mwalimu wa kwaya naye akasema yeye si mtoto wa shule wa kupewa mtihani. Inaniudhi mpaka leo. Kila mtu anataka spika ipimwe, hakuna anayekubali apimwe yeye. Na kama hujui msikilizaji wako anasikia nini, umepima nini? Mimi nilipima heshima ya Mzee tu, na ilikuwa nzito kweli, kushinda besi.

Makambi yakafika. Spika ya pili ikalia kwa mara ya kwanza maishani mwake pale kwetu, na watu wakanipongeza kwa chaguo. Mke wangu alikaa nyuma na watoto. Kwaya iliposimama, aliufunga mdomo wake na kutazama chini. Nilijua kila mahali ambapo sauti yake ilipaswa kuingia.

Ndugu yangu, ukiwaita watu wakusikilizie kitu, wapime wao kwanza, hata wakikasirika. Usiwaulize kwa kuinua mikono, maana watainua wakitazama uso wa mkubwa. Na mmoja akisema hasikii tofauti, kagua swichi yako kabla ya kumgusa.

Na ukimwaibisha mtu hadharani, usimwombe radhi jikoni. Najua kuandika hapa bila jina ni jikoni pia. Sabato hii, wakati wa matangazo, nitasimama kabla Mzee hajaniruhusu, niseme swichi ilikwama na aliyesikia sawa ni mke wangu peke yake. Sijamwambia Mama Kemunto. Nataka asikie akiwa kule nyuma, na najua atasikia.